Umeshaangalia Lion King ya kwanza, sasa uweke ipi: ya Kiara, Moja na Nusu, au Mufasa?

Jamani swali hili naulizwa sana na wenzangu wenye watoto na hata wasio na watoto. Mtu kaangalia Lion King ile ya 1994 na familia nzima, watu wamelia pale kwenye korongo Mufasa anapoanguka, wamecheka kwa Timon na Pumbaa, kesho yake watoto wanataka nyingine na wewe umekaa na flashi yenye muvi kibao hujui ubonyeze ipi. Kuna Lion King 2: Simba's Pride ya 1998, kuna The Lion King 1½ ya 2004, na kuna Mufasa iliyotoka Desemba 2024. Zote zina simba walewale kwenye kava, kwa hiyo mtu anadhani akishika yoyote amepatia, afu nusu saa baadae watoto wanauliza maswali yasiyoisha au wamelala.

Ile ya 2019 naiacha pembeni makusudi kwa sababu inarudia hadithi ya kwanza, haikupi kitu cha kufuatia.

Mi nilizirudia zote tatu hivi karibuni na watoto wa dada yangu, mkubwa ana miaka kumi na mmoja, wa kati minane, mdogo minne, mkeka tumetandika sebuleni, bisi kwenye beseni, dada mwenyewe anasikiliza huku anakunja nguo. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya hivi juzi.

Kwanza tujue kila moja ni nini

Lion King 2 ni ya Kiara, binti wa Simba. Inaenda dakika 81, muongozaji ni Darrell Rooney, na ilitoka moja kwa moja kwenye kanda za video bila kupita kwenye majumba ya sinema. Kiara anakutana na Kovu, kijana aliyelelewa na Zira, jike mmoja aliyekuwa mfuasi wa Scar na akafukuzwa na Simba yeye na kundi lake. Ni Romeo na Juliet ya mbugani, koo mbili zimegombana na watoto wao wanapendana.

The Lion King 1½, ambayo nyumbani kwetu tunaiita Moja na Nusu, ni dakika 77, kaongoza Bradley Raymond, na yenyewe haikupita sinema. Hii hadithi haisogei mbele hata hatua moja, inarudi kwenye muvi ileile ya 1994 na kuisimulia upya kwa macho ya Timon na Pumbaa, wakiwa wamekaa ndani ya ukumbi wa sinema wenye giza, unaona vivuli vya migongo yao tu na rimoti iko mkononi. Ni muvi inayoitania muvi iliyoizaa. Nchi nyingine waliiuza kwa jina la Lion King 3: Hakuna Matata, kwa hiyo ukikuta jina hilo kwenye orodha ya muuza muvi usinunue mara mbili, ni kitu kimoja.

Mufasa ndo ndefu kuliko zote, dakika 118, kaiongoza Barry Jenkins, picha zake ni za kompyuta zilizotengenezwa zifanane na wanyama wa kweli. Rafiki, yule nyani mzee mwenye busara, anamsimulia Kiara habari za babu yake, jinsi alivyosombwa na mafuriko akiwa mdogo akapotezana na wazazi, akaokotwa na mtoto wa mfalme anayeitwa Taka, wakakua kama ndugu, na jinsi huyo Taka alivyokuja kuwa Scar.

Nimezipima kwa vitu gani

Vitu ni hivi: unahitaji kuikumbuka ya kwanza kiasi gani ndo uifurahie, inachekesha au inaliza, nyimbo, picha na sauti, inafaa watoto wa umri gani, na mwisho kitu ambacho wazungu hawawezi kukipima kabisa, yaani inasikikaje kwenye sikio la mtu anayejua Kiswahili. Huo wa mwisho kwangu una uzito kwa sababu majina yamechukuliwa kwetu.

Unahitaji kuikumbuka ya kwanza kiasi gani

Hapa ndo tofauti kubwa ilipo na ndo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Lion King 2 inahitaji ujue mambo mawili tu, kwamba Simba ni mfalme na kwamba Scar alikuwa adui akafa. Mtu akikuelezea kwa dakika moja wakati bisi zinaiva imetosha. Mufasa hata ukiwa hujaona kitu utaielewa, kwa sababu inasimulia yaliyotokea kabla, ingawa utamu wa kumuona Taka akianza kubadilika unaupata vizuri zaidi ukishajua atakachokuja kumfanyia ndugu yake.

Moja na Nusu ni habari nyingine kabisa. Inaanza na jua lilelile linachomoza na ule wimbo wa kufungulia, afu ghafla Timon anakamata rimoti na kuipeleka mbele mbio mbio mpaka pale wao wawili wanapoingia, Pumbaa anakataa, anasema watu watachanganyikiwa, wanabishana, picha inakimbia mbele inarudi nyuma, mwisho wanakubaliana warudi hadi kabla ya mwanzo maana wanadai walikuwepo tangu zamani ila hatukuwaona. Mimi na wale wakubwa wawili tulikuwa tunacheka. Yule mdogo, ambaye siku ya muvi ya kwanza alilala kabla hata nyumbu hawajaanza kukimbia, akanigeukia na uso wa huruma, "Mamdogo, kwani TV imeharibika?"

Na kwa upande wake alikuwa sahihi kabisa, kwa mtu asiyeijua ya kwanza ile ni TV mbovu.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya mtaani ya kuonyesha video, tunaielewa hii muvi haraka sana. Si unamkumbuka Lufufu, sauti yake inaingia juu ya picha, mzungu anaongea Kiingereza na Lufufu anakwambia kinachoendelea kwa Kiswahili cha kwetu. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana ma-VJ wao, kazi ni ileile ya kukaa kati ya mtazamaji na picha na kuipa picha maisha ya pili. Timon anafanya kazi hiyo hiyo juu ya muvi yake mwenyewe. Na wote tuliokaa kwenye mabenchi yale tunajua kwamba muvi iliyotafsiriwa inanoga zaidi pale ulipokuwa umeshaiona kavu, unajua mwamba atapigwa wapi, unasubiri tu kusikia msimulizi ataipeleka vipi safari hii.

Mfano mmoja. Kwenye ile ya 1994 Rafiki anamnyanyua Simba mchanga juu ya jiwe, mwanga unashuka kutoka mawinguni, wanyama wote wanainama, ni sini ya heshima kubwa mpaka nywele zinasisimka. Kwenye Moja na Nusu unarudishwa pale pale ila upo chini, katikati ya miguu ya wanyama, Timon na Pumbaa wanapita wakitafuta pa kuhamia. Pumbaa hana raha na umati, tumbo linavurugika, anajamba, waliokuwa karibu nae wanaanguka chini, na wengine wakiona wenzao wamekwenda chini wanadhani ni heshima, nao wanainama, mbuga nzima. Mtoto wa kati alipiga kelele "Mamdogo rudisha nyuma!" nikarudisha mara tatu. Muvi ilipoisha hakutaka nyingine, alitaka niiweke ile ya kwanza, akasogea mpaka puani mwa TV, akawa anapitisha kidole kwenye kioo katikati ya pundamilia na tembo akimtafuta Pumbaa.

Na muvi nzima inajengwa hivyo hivyo. Kila wanapohamia wanakutana na tukio tunalolijua, ule mnara wa wanyama wakati Simba mdogo anaimba kwamba hawezi kusubiri kuwa mfalme unaanguka na wao wamo, wanaingia makaburi ya tembo, wanakuta fisi wanapiga gwaride la Scar, wanakimbizwa na nyumbu. Kama matukio hayo hayako kichwani mwako basi umebaki na ngiri na rafiki yake wanaohama hama bila sababu.

Kucheka na kulia

Moja na Nusu inachekesha kuliko hizo mbili, hapo hata dada anakubali. Lakini nisingependa mtu adhani ni vichekesho vitupu, kwa sababu ndani yake kuna hadithi ya kweli ya mtu asiyepata pa kukaa. Timon anatoka kwenye ukoo ambao kazi yao ni kuchimba mahandaki wajifiche na fisi, wakimaliza wanachimba tena, na yeye kila anachogusa kinabomoka. Mama yake anambembelezea apewe kazi ya ulinzi, siku ya kwanza tu anazubaa anaimba ndoto zake, fisi wanaingia, Mjomba Max anaponea chupuchupu. Anaona aibu anaondoka. Ile sini ya kumuaga mama yake jamani mtu yeyote aliyeondoka kwao na begi moja kwenda mjini ataielewa bila kuelezewa.

Afu kuna sehemu ya kumlea Simba, wale wawili wamepata mtoto wasiyemtarajia na sasa anawaamsha usiku, ana ndoto mbaya, anataka haja ndogo, anataka maji, wao wamechakaa kabisa, halafu ghafla amekuwa kijana mwenye manyoya shingoni na anawashinda kwenye mashindano ya kula wadudu. Dada aliacha kukunja nguo akaangalia hiyo mpaka ikaisha.

Na kuna pale Simba anarudi kumkabili Scar, Pumbaa anaamua kumfuata na Timon anabaki peke yake kwenye ile sehemu nzuri aliyoitafuta maisha yake yote, maji yapo, majani mabichi yapo, na hapo ndo anagundua imekuwa kimya mno. Mi hapo huwa nashikwa na kitu kooni kila mara.

Lion King 2 vichekesho vyake ni vya kawaida, Timon na Pumbaa wanatumwa kumlinda Kiara na wanampoteza, basi, kinachoibeba ni huzuni na hasira. Zira ni mama aliyefiwa na mtu aliyempenda akaamua kumlea mtoto kama silaha. Kuna wimbo anaoimba kumbembeleza Kovu alale na maneno yake yote ni ya kisasi, ni kitu kizito sana kwa katuni na kimefanywa vizuri. Na mgogoro wa Simba na binti yake ni wa nyumba nyingi, baba aliyepitia mabaya anamfungia mtoto ndani kwa kumpenda.

Mufasa inaliza zaidi kuliko kuchekesha. Timon na Pumbaa wamo, wanamkatiza Rafiki katikati ya masimulizi wakilalamika kwamba wao hawatajwi, ni utani wa aina ileile ya Moja na Nusu ila kwa dozi ndogo, na kwa maoni yangu pale unakatisha zaidi kuliko unavyonogesha, maana umeshaanza kuumia kwa ajili ya Taka wakati anaona yule jike Sarabi anampenda Mufasa na sio yeye, afu wanaingia hawa na mzaha. Mtoto wa miaka minane yeye alifurahia kila walipotokea, kwa hiyo inategemea nani anaangalia.

Nyimbo

Hapa nampa heshima Lion King 2. Inafunguka na wimbo wa He Lives in You, uliotoka kwa timu ya Lebo M, ambaye ndo yule yule Mwafrika Kusini aliyeita kwa Kizulu mwanzoni mwa ile ya 1994, na ukiusikia kwenye spika nzuri unajua ni nini. Kuna na ule wanaouimba wanyama wakimfukuza Kovu, kwamba si mmoja wetu, huo mkubwa wa dada ameushika wote.

Moja na Nusu nyimbo ni chache. Wa wachimbaji unashika haraka, watoto wanauimba wakifagia, na ule wa Timon wa kutamani maisha mengine uliandikwa na Elton John na Tim Rice, walewale wa mwaka 1994. Baada ya hapo ni vionjo vya nyimbo za zamani tu.

Mufasa nyimbo kaandika Lin-Manuel Miranda. Ule wa Mufasa na Taka wakiwa wadogo kwamba siku zote nilitamani ndugu ni mzuri na unachezeka, na unauma ukiurudia baada ya kujua mwisho wao. Nyingine hazijanikaa kichwani ila mkubwa anasema mbili anazo kwenye simu.

Picha na sauti

Lion King 2 na Moja na Nusu zote ni za kuchorwa, zilichorwa kwenye studio ya Disney iliyokuwa Sydney, Australia, na bajeti yake haikuwa ya muvi ya sinema, unaona. Kwenye ya Kiara mistari ni rahisi zaidi, mandhari ya nyuma imetulia, ukizifuatanisha na ile ya 1994 tofauti inaonekana hata kwa mtoto. Moja na Nusu imepita miaka sita mbele na imekaa vizuri zaidi, na kazi waliyoifanya ya kuchomeka wahusika wao pembeni ya sini za zamani inahitaji mkono mzuri, maana isipofanana mzaha wote unakufa.

Sauti, Moja na Nusu imerudi na karibu wote, Nathan Lane ni Timon, Ernie Sabella ni Pumbaa, Matthew Broderick ni Simba, Whoopi Goldberg ni yule fisi Shenzi, Robert Guillaume ni Rafiki, na wakaongezwa Julie Kavner kama mama na Jerry Stiller kama Mjomba Max, wale wawili wakianza kubishana unasikia ndugu wa damu kabisa. Ya Kiara nayo ina wengi wa zamani, na Zira ni Suzanne Pleshette, sauti kavu ya kutisha.

Mufasa kwa picha ipo daraja lingine, maji, theluji, vumbi, manyoya yanapigwa upepo, ukiwa na TV kubwa utafaidi. Shida yake ni ile ya simba wa kweli, uso wa simba halisi hauonyeshi huzuni kama wa kuchora, kuna wakati unasikia kilio na usoni huoni kitu. Aliyeibeba sauti ya Mufasa mwaka 1994, James Earl Jones, alifariki Septemba 2024, miezi michache kabla haijatoka, na muvi wameiweka kwa kumbukumbu yake. Hilo lilinigusa.

Watoto wadogo

Kama una mtoto anayeogopa, Moja na Nusu ndo laini kuliko zote. Kifo cha Mufasa hakionyeshwi, nyumbu unawaona kwa upande wa Timon na Pumbaa wanaokimbia kuokoa roho zao, na hata mwishoni fisi wanadanganywa kwa vituko, Timon anapiga goti anamchumbia Shenzi ili tu kununua muda mama yake amalize kuchimba. Ila nimeshasema, mdogo asiyeijua ya kwanza hataogopa kitu na hataelewa kitu. Na kama nyumbani kwenu utani wa kujamba hautakiwi mezani, jueni kabisa Pumbaa ndo amebeba nusu ya muvi.

Lion King 2 ina vifo viwili vya wazi, mmoja anafukiwa na magogo na mwingine anaanguka mtoni. Mdogo wetu kwa magogo alijificha kwenye khanga yangu. Miaka sita kwenda juu nadhani iko sawa.

Mufasa ni ndefu, kuna mafuriko, kuna simba weupe wanaowinda familia nzima nzima, na wote wanafanana na simba wa kweli. Wa miaka minne alichoka kabla haijafika nusu. Wa kumi na moja hakusogea.

Sikio la Mswahili

Hapa nafurahi kweli kwa sababu sisi tunaona vitu ambavyo mtazamaji wa Marekani havimfikii. Lion King 2 imejaa. Mrithi wa Scar wamemwita Kovu, yaani jina ni lile lile limegeuzwa Kiswahili tu, mtoto amepewa alama ya jeraha la mtu mwingine kabla hajafanya lolote, na hadithi nzima ni hiyo. Dada yake ni Vitani. Kaka yake anayejikuna muda wote na hapendwi ni Nuka, maskini. Mama ni Zira, na kuzira si ndo kususa kwa chuki. Wamekosea sehemu moja kubwa, Rafiki anaimba kuhusu nchi ya mapenzi anaiita Upendi, neno ni upendo, na kila anapoimba Upendi mi nasikia "hupendi", kinyume chake kabisa, watoto walicheka hapo kuliko sehemu yoyote ya muvi hiyo.

Mufasa nayo wamechagua vizuri. Taka kwetu ni kutaka na ni uchafu, na yule kijana anataka sana mpaka anatupwa kama taka, sijui kama walikusudia yote mawili ila kwa Kiswahili yamekaa. Na ile nchi wanayoitafuta inaitwa Milele, huhitaji kutafsiriwa.

Moja na Nusu haina majina mapya ya Kiswahili, mama ni Mama tu na Max ni Max. Timon mwenyewe sio wa huku, ni kamnyama ka jamii ya nguchiro kanakoishi Kalahari, Botswana na Namibia huko, kwetu Serengeti hakapo, wakati mandhari ya muvi ya kwanza watengenezaji walikuja kuyatazama Kenya, Hell's Gate kule Naivasha. Ila hii ndo inayokwambia hakuna matata ilipotoka. Timon amekaa njiani amekata tamaa, Rafiki ndiye anayempa hayo maneno, na anamwambia aangalie mbali zaidi ya anachokiona. Timon anaelewa kama maelekezo ya barabara, anaangalia mbali, anaona jiwe kubwa, anaanza safari. Sisi mtaani tunasema hamna shida au hamna tabu, na hakuna matata wengi tuliisikia kwenye Jambo Bwana ya Them Mushrooms ya 1982, miaka kumi na mbili kabla ya Simba kuzaliwa kwenye kioo, imezoeleka kama maneno ya kumuimbia mgeni hotelini. Lakini pale anapoambiwa mtu aliyetoka kwao hana pa kwenda, yale maneno yanarudi kuwa Kiswahili cha kweli, yaani kaka tulia, hakuna tata isiyofunguka.

Dada hakubaliani na mimi

Naliweka hili kwa sababu ni hoja ya haki. Dada anasema Moja na Nusu inaharibu ile ya kwanza, kwamba ukishaona Pumbaa alichofanya pale chini ya jiwe basi ile heshima ya mwanzo haitarudi tena, na kweli tulipoirudia ya 1994 watoto walianza kucheka kabla hata Simba hajanyanyuliwa. Yeye ile sini ni kumbukumbu yake ya utotoni na hakupenda ichekwe. Mi naona tofauti, mtu anayekitania kitu hivi amekikariri kila kipande, huwezi kuifuata muvi ya mtu sini kwa sini kama huipendi. Lakini kama wewe ni wa upande wa dada, usiiweke tu, hutakosa sehemu yoyote ya hadithi.

Sasa wewe uweke ipi

Kama watoto wameangalia ya kwanza mara moja tu na wanauliza nini kilimpata Simba baadae, weka Lion King 2. Ndo inayojibu swali hilo, na ukiwa na binti anayeanza kubishana na baba yake nyumbani, waangalie pamoja.

Kama ya kwanza imeshaangaliwa mpaka watoto wanatamka maneno kabla ya wahusika, weka Moja na Nusu wiki hiyo hiyo wakati bado iko kichwani. Hata watu wazima mliokua nayo, mkikutana ndugu sikukuu mkataka kitu cha kuongea juu yake huku mnakula, hii ndo muvi ambayo kelele haziiharibu, wenyewe kwenye skrini wanapiga kelele pia.

Kama una kijana wa miaka kumi na kuendelea anayesema katuni ni za watoto, au wewe mwenyewe ulikuwa unajiuliza Scar alikosewa nini, weka Mufasa, usiku wenye utulivu, TV kubwa, na usianze saa tatu maana ni karibu masaa mawili.

Kama una mtoto aliyefiwa na mzazi karibuni, na wapo kwenye familia zetu, Mufasa inaanza na mtoto anapotezana na wazazi wake na ile ya kwanza yenyewe unaijua. Hapo mi ningeanza na ya Kiara, nikae nae karibu pale kwenye magogo na pale mtoni.

Na kama una wa umri mchanganyiko kama wetu, irudieni ya kwanza mchana wadogo wakiwa macho, Moja na Nusu iwekeni jioni. Sisi Jumamosi ijayo ndo tunafanya hivyo, mdogo ameahidi hatalala kabla ya nyumbu.